Vokali haihitaji kugusa taa nyekundu

Wasanii wengi huamini kwamba vokali nzuri, yaani sauti ya mwimbaji, ni ile iliyorekodiwa kwa nguvu hadi mita ya kiwango cha sauti ikakaribia nyekundu. Enzi za kanda za sumaku ushauri huo ulikuwa na maana, kwa sababu kanda ilikuwa na mvumo wake na sauti ndogo ilizama humo. Leo studio hurekodi kwa biti 24, zenye nafasi ya desibeli 144 hivi kinadharia kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, wakati CD ya biti 16 ina 96 hivi. Vilele vya sauti vikifika kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita, inatosha kabisa. Vikivuka sifuri hukatwa, na hata programu za kurekebisha hukisia tu kilichopotea. Tena, kupandisha geini (ukuzaji wa sauti ya maikrofoni) hakuondoi kelele za feni au bodaboda nje. Zinapanda pamoja na sauti yako.

Unapotuma mdundo ukachanganywe na vokali, ondoa limita (kifaa kinachozuia sauti isizidi kiwango) kwenye masta (njia ya mwisho inayobeba ala zote), kisha toa kila ala kwa faili lake la WAV, yote yakianzia mwanzo wa wimbo, hata kama kinanda kinaingia kwenye kiitikio. MP3, tofauti na WAV, imeshatupa sehemu ya sauti. Kuigeuza WAV hakurudishi kitu.