Lami Ikibanduka Katikati ya Mbio: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Agosti 13, 1961, kwenye mji mdogo wa Weaverville, katika milima ya magharibi mwa North Carolina huko Marekani, zilifanyika mbio za magari za mizunguko 500, za NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizo Marekani. Uwanja ulikuwa wa nusu maili, kama mita 800 kuuzunguka wote. Ilipofika mizunguko 258 waamuzi wakafunga kazi. Lami ilikuwa imebanduka, kona zimejaa mashimo, na kila gari lililopita lilimrushia wa nyuma yake mabonge. Junior Johnson akatangazwa mshindi. Watazamaji nao wakafunga geti.

Kisa hiki kinasimuliwa sana, na karibu kila anayekisimulia hukimbilia ngumi za getini na kuiacha lami palepale ilipobandukia. Mimi naona lami ndiyo mhusika mkuu, na mengi yanayosemwa juu yake, kule Weaverville na kwingineko, hayako sawa.

“Mwendo kasi ndio unaoharibu lami”

Ingekuwa hivyo, viwanja vikubwa ndivyo vingebanduka kwanza. Uwanja mfupi kwa hesabu ya NASCAR ni ule usiofika maili moja, na humo magari hayakaribii kabisa mwendo wa Daytona, uwanja mkubwa wa Florida. Kinachoiumiza lami ni kusukumwa kiubavu. Dereva anafika kwenye kona, anakanyaga breki, anakata usukani, halafu anakanyaga mafuta kabla gari halijanyooka. Tairi linaburuta, linateleza, linakwangua. Magari ya miaka ile yalikuwa na uzito wa karibu tani mbili, na uwanja wa nusu maili hauna muda wa kupumzika: ukitoka kona hii umeshaingia ile.

Piga hesabu ya haraka. Chukua magari 30, yazunguke mara 500. Kila kona inapitwa mara 15,000 kwa alasiri moja, na karibu wote wanafuata mstari uleule, kwa sababu ndio wenye kasi.

Tena lami si kitu kimoja kigumu kama inavyoonekana ukiwa jukwaani. Ni kokoto, kwa sehemu kubwa mno ya uzito wake, zilizoshikamanishwa kwa gundi nyeusi ya bitumini. Jua likiwaka gundi inalegea. Petroli na oili zikidondoka zinaiyeyusha, maana bitumini yenyewe ni ndugu yao, imetoka kwenye mafuta yaleyale ghafi. Kokoto ya kwanza ikishang'oka, zilizokuwa zimeiegemea zinabaki zikining'inia, na tairi linalofuata linazikuta hivyo. Ndiyo maana lami hukaa salama saa nzima, kisha ndani ya dakika chache ikafumuka kama mshono wa gunia.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake hahitaji tiketi ya kwenda Marekani. Aende kituo chochote cha daladala au matatu, atazame pale magari yanapokanyaga breki na kukata kona kuingia. Lami imejikunja, ina mawimbi, ina matone ya oili, na mashimo yanaanzia hapo. Hatua 100 mbele, magari yanapokwenda mbio na kunyooka, barabara ni nzima.

“Watazamaji wa Weaverville walikuwa wahuni tu”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu habari yenyewe ina hesabu ndani yake.

Kanuni ya NASCAR ilikuwa kwamba mbio zikivuka nusu zinahesabika: mshindi anapata ushindi, pointi zinagawiwa, kazi imeisha. Nusu ya 500 ni 250. Lami ilipozidi kufumuka, mbio zilisimamishwa kwenye mzunguko wa 208, na Pat Purcell, mmoja wa wakubwa wa NASCAR, akawaambia madereva watazunguka mara 50 zaidi, kisha basi. Jumlisha. Ni 258, nane tu juu ya nusu.

Kwa hiyo mtu aliyekaa jukwaani aliona hivi: lami ni mbovu kiasi cha kusimamisha mbio, lakini si mbovu kiasi cha kuzuia mizunguko 50 inayohitajika ili karatasi zikae sawa. Kama ni hatari, kwa nini waendelee? Kama si hatari, kwa nini waishie hapo? Swali la namna hiyo halihitaji pombe ili liulizwe. Watu walilipia mizunguko 500 wakapewa nusu na kipande.

Lakini nao waamuzi walikuwa na lao. Wangekatisha kwenye mzunguko wa 208 mbio zisingehesabika, na jasho la kila timu lingekwenda bure. Wangeendelea hadi 500, bonge la lami lingeweza kupenya kioo cha mbele likamkuta dereva usoni. Walichagua katikati, na katikati hiyo ikawaudhi wote.

Baada ya hapo ni kweli kwamba maji yalizidi unga. Maelfu ya watu waliuzingira mlango wa kutokea, gari likawekwa kuziba njia, na madereva pamoja na mafundi wao wakashikiliwa ndani ya uwanja kwa saa kadhaa. Askari waliokuwepo hawakutosha. Inasimuliwa kwamba mambo yaligeuka pale kijana mmoja alipomdunga kwa ubao fundi mmoja mwenye mwili wa kutisha. Yule fundi akaunyakua ubao, akamrudishia nao kichwani, na umati ukaanza kupungua ari. Sisifii ubao wala aliyeushika. Ila anayesema wale walikuwa walevi waliokosa la kufanya hajaihesabu ile mizunguko nane iliyovuka nusu.

“Dawa ni kumwaga lami mpya”

Mwaka mmoja kabla ya Weaverville, Juni 1960, uwanja mpya kabisa wa Charlotte, hukohuko North Carolina, uliandaa mbio zake za kwanza za maili 600. Ulijengwa kwa haraka, na ujenzi ulicheleweshwa na miamba ya matale iliyokuwa chini ya ardhi. Lami ilikuwa changa. Ilianza kufumuka hata kabla ya siku ya mbio, magari yakiwa bado kwenye mazoezi. Timu zikajihami kwa walichokuwa nacho: nyavu za waya mbele ya vioo na rejeta, na madigadi ya kuzuia mawe yasimrukie wa nyuma. Ukitazama picha za siku hiyo utadhani magari yanakwenda kuchunga ng'ombe.

Joe Lee Johnson alishinda, na maili zote 600 zilikimbiwa. Mbona Charlotte walimaliza na Weaverville wakashindwa? Charlotte ni uwanja wa maili moja na nusu, mpana, dereva akiona shimo ana nafasi ya kulikwepa. Kwenye nusu maili hakuna pa kukwepea: kulia kuna mwenzako, kushoto kuna mwenzako, na shimo liko palepale unapotaka kuweka tairi.

Wasiopenda NASCAR nao wana mfano wao. Mwaka 1985 mbio za Formula 1 za Ubelgiji, kule Spa, ziliahirishwa kutoka Juni hadi Septemba. Lami iliyokuwa imetoka kuwekwa upya ilibanduka magari yalipoanza kuikanyaga. Lami inahitaji muda wa kukomaa kama mbao zinavyohitaji kukauka.

“Basi waweke zege, yaishe”

Walishaweka, tena mapema. Martinsville, Virginia, uwanja wa maili 0.526 wenye umbo la kibanio cha karatasi, una lami kwenye sehemu zilizonyooka na zege kwenye kona. Zege hilo liliwekwa mwaka 1976 kwa sababu ileile: kona zilikuwa zikiila lami. Bristol, kule Tennessee, walifanya hivyo mwaka 1992 kwa uwanja mzima. Kona zake zimeinuka kama ukuta wa bakuli, na lami ilikuwa haiwezi kujishikilia pale juu magari yakiikandamiza.

Zege halilegei kwa jua. Lina adui zake wengine: nyufa, maungio, viraka vya zamani ambavyo havikushikana vizuri, na maji yanayoingia humo wakati wa baridi kali, yakaganda, yakatanuka na kusukuma. Tena likitoka halitoki kokoto mojamoja. Linatoka bonge.

Aprili 18, 2004, Martinsville iliyaonyesha hayo yote mbele ya kamera. Bonge la zege lilichomoka kwenye kona ya 3. Jeff Gordon, ambaye siku hiyo gari lake lilikuwa likitamba, alilivaa, na sehemu ya mbele ya gari ikaharibika. Bendera nyekundu. Magari yakazimwa, na kwa zaidi ya saa nzima madereva wakawa watazamaji wa kazi ya ujenzi: watu wamepiga magoti konani, wanasafisha shimo, wanamimina mchanganyiko wa kuganda haraka, wanasubiri. Mbio zilipoanza tena Gordon alilikokota gari lake lililoumia hadi nafasi ya sita.

Aliyeshinda ni Rusty Wallace, baada ya ukame wa mbio zaidi ya 100 bila ushindi. Ulikuwa ushindi wake wa 55 na wa mwisho. Mshindi wa Martinsville hapewi kikombe. Anapewa saa ndefu ya kusimama sakafuni, desturi iliyoanza mwaka 1964, na naona siku ile ilistahili zawadi hiyo kuliko siku nyingine yoyote, kwa jinsi watu walivyokaa wakitazama mishale ikizunguka.

Miaka kumi baadaye, Juni 2014, zamu ilikuwa ya Dover. Uwanja huo ni wa maili moja, kwa hiyo si mfupi, lakini nao ni wa zege. Bonge likang'oka, likalipiga gari la Jamie McMurray, na kioo cha daraja la watazamaji linalopita juu ya njia ya magari nacho kikapasuka. Jirani zangu wanaojenga kwa zege huwa nawaambia habari ya Dover. Hawaniamini.

“Shimo likizibwa, limezibwa”

Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwahi kuiona Daytona ya Februari 2010. Uwanja ni mkubwa, lakini funzo ni lilelile. Lami ilikuwa ya mwaka 1978. Shimo lilitokea kati ya kona ya 1 na ya 2, likazibwa, mbio zikaendelea, kiraka kikatoka, likazibwa tena. Kusimama huko mara mbili kulikula zaidi ya saa mbili. Kasoro haikuwa uvivu wa mafundi. Kulikuwa na baridi na ardhi ilikuwa na unyevu, na dawa nyingi za kuzibia hazishiki penye baridi na maji. Mwishowe walitumia hadi puti, ileile ambayo fundi wa bodi anakupakia kwenye mlango uliobonyea. Mwaka huohuo uwanja mzima uliwekwa lami upya. Mshindi wa siku hiyo? McMurray, huyohuyo aliyekuja kukutana na bonge la Dover.

“Lami chakavu ni aibu ya uwanja”

Muulize dereva. Wengi watakuambia wanaipenda lami iliyozeeka kuliko mpya. Lami mpya ni nyororo na inashika mno, wote wanang'ang'ania mstari mmoja, na kumpita mtu kunakuwa shida. Lami iliyochakaa inakula matairi. Mwenye kukanyaga mafuta ovyo anamaliza matairi mapema, mwenye subira anamkuta mbele akiwa anateleza. Hapo ndipo uendeshaji unapoonekana.

North Wilkesboro, uwanja mwingine mfupi wa North Carolina, uliachwa na NASCAR mwaka 1996 ukaota majani. Uliporudishwa kwa mbio za madereva nyota za Mei 2023, magari yalikimbia juu ya lami ya mwaka 1981. Watu walishangilia lami kana kwamba ni mzee wa ukoo amerudi kutoka safari. Lakini ilikuwa imefika mwisho wake, na kabla ya mbio za 2024 ikawekwa mpya. Nilisikitika, nakiri, japo mimi si wa kuulizwa. Kati ya lami iliyozeeka vizuri na lami inayokaribia kufumuka pana hatua ndogo, na mwenye uwanja hujua ameivuka siku watazamaji wakiwa wameshakaa vitini.

“Vurugu za 1961 ndizo zilizoua Weaverville”

Hapana. NASCAR waliendelea kwenda pale hadi mwaka 1969, miaka minane baada ya lile geti kufungwa. Uwanja ulifungwa kimyakimya, na sasa mahali hapo pana shule ya sekondari, North Buncombe.