GAL iliyofungwa bado ina jambo la kukuambia

Mtambo wa kujaza mvinyo au wa kufungasha mafuta ya alizeti ukizima hapa Dodoma, bodi yake huishia mezani kwa fundi. Ikiwa ni bodi ya zamani, huenda ina GAL16V8, chipu ya pini 20 inayoprogramiwa kufanya kazi ya mantiki ya bodi. Fundi akijaribu kuisoma, hapati cha maana. "Imefungwa hii, haina kitu," anasema, kisha anaitupa. Hilo linaniuma, kwa sababu si kweli.

Dhana: biti ya ulinzi (kufuli linalozuia chipu isisomwe) ikiwekwa, hakuna kinachosomeka.

Ukweli: kinachofichwa ni ramani ya mantiki, zile biti 2048. Saini ya mtumiaji, yaani maandishi mafupi anayoyaweka anayeprogramu chipu, ina sehemu yake ya biti 64, na Lattice, waliotengeneza GAL, waliiacha isomeke hata chipu ikifungwa. Biti 64 ni herufi 8, zinatosha jina la bodi na toleo lake. Katika faili la JEDEC, lile la kuprogramu chipu, zinakaa kuanzia namba 2056 hadi 2119. Ukikuta 4D 49 5A 41 4E 49, usidhani ni uchafu. Zigeuze kuwa herufi za ASCII (mfumo wa kuandika herufi kwa namba), utasoma MIZANI. Sasa una cha kumtajia mtengenezaji wa bodi unapoagiza chipu nyingine.

PAL za zamani, chipu zilizotangulia GAL, hazina saini hii, usijisumbue kuitafuta.

Dhana: ukipata saini umepata programu. Hapana, hiyo ni lebo tu. Wala haithibitishi kwamba chipu ni halisi, maana aliyeiprogramu aliandika alichotaka, au hakuandika kitu. Kwenye FPGA, chipu kubwa zaidi za kuprogramu, nako watu huchukulia IDCODE, namba ya utambulisho ya biti 32 inayosomwa kupitia JTAG (njia ya kupimia chipu), kama namba ya kipekee ya kila chipu. IDCODE hutaja mtengenezaji, aina na toleo. Chipu za aina na toleo moja hujibu sawasawa.

Dhana: cheksamu (jumla ya kuhakiki faili) zikitofautiana, mantiki ni tofauti. Si lazima. Saini nayo huingia kwenye hesabu, kwa hiyo kubadili herufi moja tu kunabadili cheksamu. Linganisha mafaili ukiziacha kando zile biti 64.

Na wapo wanaofuta chipu wakitumaini kuondoa kufuli pekee. Kufuli haliondoki peke yake: ramani inafutika, na saini pia. Nakili zile herufi 8 kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta.