Je, wajua kwa nini pampu ya kiwambo haiungui ikikauka?

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Lamu, ukavuka daraja la Sabaki na kuipita Mambrui, utafika Gongoni, na hapo utayaona marundo ya chumvi yamesimama meupe kando ya mabwawa. Kuanzia hapo hadi Marereni, riziki ya watu wengi inategemea kuyahamisha maji ya bahari kutoka bwawa hadi bwawa, yakizidi kukolea kila yanapohama. Maji ya bahari huwa na chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo. Yakikolea mpaka chumvi inaanza kuganda, kilo moja ina karibu gramu 260. Maji hayo, pamoja na tope linalotuama chini yake, yameshaua pampu nyingi.

Pampu ya kawaida ina gurudumu la mapanga ndani, linalozungushwa na mota kupitia shafti. Pale shafti inapoingia kwenye maji lazima pawe na sili, yaani kizibo cha kuzuia maji yasivuje, na sili hiyo hupozwa na kulainishwa na maji yaleyale yanayovutwa. Maji yakikatika, inasuguana kavu, inashika moto, inapasuka. Hata maji yakiwepo, chembe za chumvi na mchanga huila kidogo kidogo.

Pampu ya kiwambo, ambayo mafundi wengi huiita dayaframu, haina sili hiyo kwa sababu hakuna kinachozunguka ndani ya maji. Ina vyumba viwili, na kila kimoja kimekatwa katikati na kiwambo cha mpira kilichokazwa pembeni kama ngozi ya ngoma. Viwambo hivyo vimeungwa kwa ufito mmoja. Upepo wa kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, ukiingia nyuma ya kiwambo cha kwanza, unakisukuma kiyatoe maji yaliyo mbele yake. Papo hapo ufito unakivuta kiwambo cha pili, na chumba chake kinafyonza maji mapya. Safari ikiisha, vali ya hewa inaupeleka upepo upande wa pili. Gololi nne, mbili chini na mbili juu, huziba na kuzibua njia ili maji yasirudi yalikotoka. Jim Wilden wa California ndiye aliyeibuni pampu hii ya kuendeshwa kwa hewa mwaka 1955, na msingi wake ni uleule hadi leo.

Kwa hiyo maji yakikatika, viwambo huendelea kwenda na kurudi vikisukuma hewa tupu, na hakuna sili ya kuungua. Ukifunga bomba la kutolea, nguvu ya maji inalingana na nguvu ya upepo na pampu inasimama yenyewe, ukilifungua, inaendelea. Hata hivyo isiachwe kavu kila siku, maana bila mzigo huenda mbio mno na viwambo huchoka mapema.

Maendeleo makubwa yamekuja kwenye sehemu zinazogusa maji, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea: wanauliza kwanza inchi za bomba, kisha bei, na habari ya maji yenyewe inakuja mwisho. Siku hizi sehemu ya hewa inaweza kubaki ileile na vingine vyote vikachaguliwa kulingana na kazi. Kwa chumvi ya Gongoni, bodi ya alumini ni hasara tupu, kwani italiwa. Chuma kisichoshika kutu kinavumilia zaidi, lakini chumvi kali iliyotuama kwenye joto hukitoboa vijishimo. Plastiki ya polipropilini haiijali chumvi; adui yake ni jua, basi iwekewe kivuli. Mpira wa EPDM hupatana vizuri na maji ya chumvi, ila ukipitisha dizeli utavimba. Dizeli inataka mpira wa nitraili. Plastiki ya tefloni hustahimili karibu kila kemikali, lakini ni ngumu na haipendi kukunjwa, ndiyo maana huegemezwa kwenye mpira.

Zamani kiwambo kilibanwa katikati kwa sahani ya chuma na nati upande wa maji. Chembe zilijikusanya ukingoni mwa sahani, zikausaga mpira kila ulipojikunja, mpaka ukatoka ufa wa duara. Sasa sahani inazamishwa ndani ya mpira wenyewe, na uso unaogusa maji hauna nati wala tundu. Pampu za kemikali hatari huwekewa viwambo viwili viwili, na kihisi katikati kinachotoa taarifa cha kwanza kikivuja.

Jingine linaloshangaza pwani: mdomo wa kutolea hewa unaweza kuota barafu mchana wa jua kali. Hewa iliyobanwa ikiachiwa ghafla hupoa sana, na unyevu wa pwani ulioingia kwenye kompresa unaganda palepale na kuikwamisha vali. Vali mpya huielekeza hewa hiyo baridi mbali na sehemu zinazosogea. Zipo pia pampu za kiwambo za mota ya umeme, zisizohitaji kompresa kabisa. Nazo hula umeme pungufu, kwa kuwa kubana hewa hupoteza nguvu nyingi kama joto.

Kwa kazi ya chumvi, vyovyote utakavyochagua, pitisha maji matamu kabla ya kuzima jioni. Yakibaki yale ya bwawa, chumvi huganda usiku na kuigandisha gololi kwenye kikalio chake, na asubuhi pampu inapiga bila kuvuta kitu.