Uniti ya stima ni nini hasa?

Jirani yangu hapa Free Area, Nakuru, ana sheria moja ya stima: kabla ya kulala, chaja zote zichomolewe. Watoto wanagombezwa kila siku kwa sababu ya balbu ya choo. Na bado tokeni haimalizi wiki. Juzi akaniuliza, "Kwani hizi uniti huwa zinaenda wapi, jirani?"

Tuanze na jina. Uniti ni kilowati-saa, zile herufi kWh zilizochapwa usoni mwa mita. Wati ni kasi ya chombo kula stima. Uniti ni jumla ya kilicholiwa. Chukua mfereji na mtungi. Mfereji ukidondoka, mtungi utajaa kesho. Ukifunguliwa wote, unajaa ukitazama. Kasi ya maji ndiyo wati, mtungi uliojaa ndio uniti. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimemaliza uniti moja.

Balbu ya LED ya wati 9 inahitaji saa 111 kumaliza uniti hiyohiyo, yaani jioni zaidi ya ishirini za saa tano tano. Simu utaichaji mara arobaini hivi. Chaja iliyoachwa kwenye soketi bila simu, hata usijisumbue kuihesabu.

Sasa twende bafuni. Julai ya Nakuru mnaijua, na shawa ya stima, ile inayopasha maji yakipita, mara nyingi ni ya wati 5,400 hivi. Dakika kumi chini yake ni uniti 0.9. Watu wanne wakioga hivyo kila asubuhi, mwezi unaisha na uniti 108 za kuoga peke yake. Dada yangu anakaa Nyalenda, Kisumu, ambako bila feni hulali. Feni yake ya wati 55 ikizunguka saa nane inakula uniti 0.44. Usiku wake mzima ni dakika tano za shawa yangu, na bado shemeji humlaumu kwa hiyo feni!

Maji ni mazito kupasha. Ndiyo maana vyombo vya joto (shawa, pasi, birika, jiko la koili) ndivyo vinavyokausha tokeni, si vile vya mwanga na sauti. Hata hivyo, ndoo ya lita 10 iliyopashwa kutoka nyuzi 20 hadi 40 inahitaji kama robo uniti tu. Kinachogharimu kwenye shawa ni maji yanayoendelea kumwagika huku mtu akijipaka sabuni.

Unaweza kujionea. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu nacho pameandikwa imp/kWh. Ya jirani inasema 1000: kikipepesa mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Tulizima kila kitu kwake, tukaacha balbu moja. Tukasimama pale tukingoja, karibu dakika saba kati ya mpepeso mmoja na mwingine. Kisha binti yake akafungua shawa. Kitaa kikaanza mbio, mara tatu kila sekunde mbili. Jirani alinyamaza kidogo, akapaza sauti: "Toka huko bafuni!"

Uniti yenyewe haibadiliki, ila bei yake hubadilika. Tangu Aprili 2023 nyumba zimegawanywa ngazi tatu kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, kisha hadi 100, kisha zaidi ya hapo. Ukipanda ngazi, kila uniti inakuwa ghali zaidi. Juu yake kuna ada ya mafuta na ya fedha za kigeni, zinazobadilika mwezi kwa mwezi, na VAT ya asilimia 16. Kwa hivyo shilingi 500 zako na 500 za mwenzako huenda zisilete uniti sawa, na hakuna aliyeibiwa.

Ila kuna jaribio moja la kufanya kabla ya kusema hivyo kwa uhakika, hasa kwa wanaoishi kwenye ploti. Zima vyote, chomoa friji, kisha kitazame kile kitaa kwa robo saa. Kikiendelea kupepesa, huenda kuna soketi ya chumba kingine inayokula kwenye mita yako. Ita fundi kabla hujamwita jirani.