Roboti Mwenye Sura ya Mtu na Madai ya Kuhifadhi Fahamu

Kila ninapoalikwa kuzungumzia akili unde hapa Kisumu, iwe ni katika ukumbi wa kanisa au mkutano wa walimu, mazungumzo ya ajira zitakazopotea hayachukui muda mrefu. Watu hutaka kusikia kuhusu roboti wenye sura za binadamu, na mara nyingi huuliza pia kama ni kweli kwamba huko ng'ambo imepatikana njia ya kumhamishia mtu ndani ya mashine ili asife. Mimi ni mhandisi wa kompyuta na ninafundisha taaluma hii, na naona kwamba hofu hizi mbili huchanganywa kana kwamba ni moja, ilhali ya kwanza inahusu ngozi na macho, na ya pili inahusu jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya.

Hofu ya sura imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1970 mhandisi wa Kijapani Masahiro Mori aliandika kwamba kadiri roboti anavyofanana na mtu ndivyo tunavyomkubali, mpaka anapokaribia kufanana nasi kabisa, ambapo hisia hiyo huporomoka ghafla na nafasi yake huchukuliwa na kinyaa. Alitoa mfano wa mkono wa bandia, ambao kwa macho ni mkono wa mtu, lakini ukiushika unaukuta baridi, hauna mifupa, na mwili unakusisimka. Kuporomoka huko alikuonyesha katika mchoro kama bonde, na ndani yake aliweka maiti, na chini zaidi akaweka maiti inayotembea. Watu wa kwetu hawahitaji mchoro ili kulielewa hilo, kwa sababu tunakesha na marehemu nyumbani na kumtazama usoni kabla ya kumzika.

Roboti Sophia wa kampuni ya Hanson Robotics, aliyeanza kuonyeshwa mwaka wa 2016, ana ngozi laini ya bandia inayovutwa na mota ndogo zilizofichwa nyuma yake. Mtazame anapotabasamu: midomo hupanuka, lakini mikunjo ya pembeni mwa macho huchelewa au haiji kabisa, na macho yenyewe hutua kando kidogo ya uso wa anayezungumza naye. Sisi tumesoma nyuso tangu utotoni, na kuchelewa huko kudogo kunatosha kututia wasiwasi. Saudi Arabia ilipotangaza mwaka wa 2017, katika mkutano wa wawekezaji, kwamba imempa uraia, baadhi ya watu walidhani imethibitishwa kuwa ana nafsi. Tangazo hilo halikubadilisha chochote ndani ya mashine.

Kuhusu hofu ya pili, ya kuhamishia ndani ya mashine fahamu ya mtu, yaani ile hisia ya kuwa hai na kujitambua, nianze na mnyoo mdogo sana ambaye wanasayansi humwita C. elegans. Ana seli za neva 302 tu, na ramani ya jinsi zinavyounganishwa ilichapishwa mwaka wa 1986. Mpaka leo hakuna programu inayoishi na kujifunza kama mnyoo yule, kwa sababu ramani haionyeshi nguvu ya kila kiungo wala kemikali zinazobadilisha kazi ya seli kila wakati. Ramani ya barabara za Kisumu haikwambii ni matatu ipi imembeba nani saa hii. Mwaka wa 2024 ilitolewa ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, wenye seli zaidi ya 139,000, nayo ni kazi ya kuheshimiwa sana. Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Hata tungeweza kuzichora zote, bado hakuna nadharia iliyokubalika ya kueleza jinsi seli hizo zinavyozaa hisia ya kuwa hai, na kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko uhaba wa kompyuta.

Kinachouzwa kwa jina la kuhifadhi mtu, basi, ni nini? Mfano unaojulikana ni BINA48, kichwa na mabega ya roboti aliyetolewa mwaka wa 2010, anayejibu maswali kutokana na kumbukumbu na maoni ya mwanamke wa Marekani, Bina Rothblatt. Siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa rekodi fupi sana, na jumbe za sauti zilizobaki katika simu ya marehemu zinatosha kabisa.

Baada ya mazungumzo moja, mama mmoja mjane aliniuliza: "Mwalimu, wakimpa roboti sauti ya mzee wangu, atalijua jina alilokuwa akiniita tukiwa wawili?" Nilimjibu, "Hapana, mama, kama halikuandikwa wala kurekodiwa, hatalijua." Nikamweleza pia lile linalonisumbua zaidi, kwamba mashine ya namna hiyo haina tabia ya kunyamaza. Itatunga jina lolote linalofanana na majina ya mapenzi, na italitamka kwa sauti ya mumewe. Mfiwa aliyechoka anaweza kulipokea, na baada ya muda asikumbuke tena lile la kweli lilikuwa lipi.

Hapo ndipo ningependa wasiwasi wetu uelekezwe. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, yaani zile za mwili zinazomtambulisha mtu, kwa hiyo sauti ya mtu si kitu cha kuokotwa na yeyote. Kwa familia, ushauri wangu ni kulizungumza jambo hili mapema, mwenyewe akiwa hai na akiwa na akili timamu. Aseme kama anakubali sauti yake iigwe, nani aruhusiwe kufanya hivyo, na kwa muda gani, kisha maneno hayo yaandikwe na kutiwa sahihi. Rekodi zake halisi zihifadhiwe kando na chochote kilichotungwa na mashine, zikiwa na tarehe na jina la aliyerekodi, ili wajukuu watakaozisikiliza wajue ni maneno yapi yalitoka kinywani mwake.