Sarafu haina deni na mtu

Jumamosi, kwenye tuisheni yangu ya Ngamiani hapa Tanga, kijana wa kidato cha pili alirusha sarafu ya shilingi 100 mara tano, zote kikaja kichwa cha Nyerere, si upande wa pili wenye swala. Kabla ya kurusha ya sita akawaambia wenzake, "Sasa lazima swala, zamu yake imefika." Darasa zima likaafiki.

Napenda kuanzia hapo ninapofundisha uwezekano. Kuandika nusu kila mtoto anaweza. Kinachomshinda ni hii imani ya zamu. Na ndiyo inayowamaliza kaka zao kwenye kubeti: nimeliwa mara nne, ya tano lazima nishinde. Inaniuma kila ninapoisikia.

Nikawauliza: sarafu imejuaje kwamba imeshatoa vichwa vitano? Haina daftari. Kila ikirushwa inaanza upya, nusu kwa nusu.

"Lakini ticha," binti mmoja akadakia, "si ulisema tukirusha nyingi zinasawazika? Zitasawazika vipi kama swala hafidii?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Sikulijibu kwa kanuni, nilimletea hesabu za John Kerrich, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini. Vita Kuu ya Pili ilimkuta Denmark, Wajerumani walipoivamia mwaka 1940, akawekwa kizuizini. Humo sarafu ikarushwa mara 10,000 na kila tokeo likaandikwa. Mara 100 za mwanzo zilitoa vichwa 44. Mpaka kufika 10,000, vichwa 5,067.

Tukaandika ubaoni. Kwenye 100, vichwa vimepungua sita kutoka nusu. Kwenye 10,000 vimezidi 67. Yaani pengo limekua, halikuzibwa! Sasa gawa: sita kwa 100 ni asilimia 6; 67 kwa 10,000 haifiki hata asilimia moja.

Binti akakaa kimya, akiangalia ubao. Kisha: "Kumbe ni kama mchuzi uliozidi chumvi. Chumvi hujaitoa, umeongeza maji."

Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kulisema vizuri hivyo. Nikamwomba arudie ili wa nyuma wasikie.

Jumamosi ijayo kila mmoja ataleta kauri, hizi za kuokota ufukweni maji yakipwa. Tumbo lake na mgongo havifanani, kwa hiyo nusu kwa nusu haitatusaidia. Tutarusha, tutahesabu, na ubao utakuwa mdogo.