Mlima wote si mlima wowote

Jumamosi asubuhi magari yanayopanda kutoka Denver, Colorado, kwa barabara ya I-70 hutumwagia wateja kwenye duka ninakofanya kazi, la kukodisha skii, zile mbao za kutelezea theluji, na siku hizi hakosekani mmoja wetu: Mkongo wa Aurora, Mkenya mwanafunzi, Mtanzania aliyeburutwa na wenzake wa kazini. Nikisikia Kiswahili mlangoni natoka karakana na tupa mkononi. Tunasalimiana, tunailaani baridi kidogo, halafu linakuja lile ombi: "Kaka, nipe zile pana, za milima yote." Wiki iliyopita mmoja akaongeza, "Zile za mlima wowote, theluji yoyote." Nikampa. Saa nne asubuhi alikuwa amezirudisha, anasugua magoti, anasema nimempa mbovu.

Skii haikuwa mbovu. Lililomponza ni neno.

Kwa Kiingereza aina hii inaitwa all-mountain, na maana yake ni fupi: skii ambayo mtu anaweza kushinda nayo kutwa nzima sehemu zote za mlima mmoja bila kurudi dukani kubadilisha. Zile pana katika kundi hili zina kiuno cha milimita 95 hivi hadi 110. Kiuno ni pale katikati, chini ya buti, ambapo skii imebana kabla ya kupanuka tena mbele na nyuma. Ukikuta imeandikwa 138-106-124, usidanganyike na ile 138. Inayohesabika ni 106. Skii za kukimbizana kwenye njia laini huwa na 70 na kitu. Za mashindano hubana zaidi: Sabrina Simader alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, katika mbio za slalomu kubwa, zile za kupinda kati ya vijiti, kiuno kilichoruhusiwa hakikuzidi milimita 65.

Njia laini nazo hazijilainishi. Usiku, watu wakiwa wamelala, mashine yenye minyororo kama kifaru inapanda na kushuka ikisaga theluji na kuishindilia, nyuma inaacha mistari myembamba kama kitambaa cha kodrai. Ni greda la theluji. Ndiyo maana mimi husema njia iliyochongwa, kama tunavyosema barabara imechongwa baada ya masika. Wafaransa wanaita piste, neno walilochukua kwa Waitaliano, na asili yake ni kitenzi cha kukanyaga na kutwanga. Ni ndugu wa pesto, ule mchuzi wa majani ya kutwanga kwenye kinu. Kwa hiyo piste ni mahali palipotwangwa. Neno skii lenyewe limetoka Norwei, kwenye skíð la kale, yaani kipande cha mti uliopasuliwa. Wanorwei hulitamka "shi" na hutuangalia kwa huruma tunavyolitamka sisi.

Sasa nirudi kwenye kero yangu. Kiswahili kina bahati ambayo jina lile la Kiingereza halina: kinatenganisha "wote" na "wowote", na "mlima wote" na "milima yote". Mlima wote ni mlima mmoja, kuanzia kileleni hadi maegesho ya magari. Mlima wowote ni mlima upi uutakao. Neno la Kiingereza lina maana ile ya kwanza. Linasema skii hii itakufikisha kila pembe ya mlima uliopo. Halisemi itakuwa bora kila pembe. Mtu anayeweza kula vyakula vyote vilivyo mezani hajasema vyote anavipenda sawasawa.

Na huo mlima mmoja una mpaka. Hapa Marekani eneo la kuteleza huzungushiwa kamba. Ndani ya kamba kuna njia zilizochongwa na kuna sehemu kubwa ambazo greda halifiki, kama sehemu nyingi za mabonde yale ya nyuma ya Vail, lakini askari wa mlima huzikagua zote na hulipua baruti alfajiri ili maporomoko ya theluji yashuke kabla ya watu. Nenda Ulaya, tuseme Chamonix ya Ufaransa, na hesabu ni nyingine: ulinzi unafuata njia iliyochongwa na kuwekewa nguzo. Ukitoka mita chache pembeni, hata kama lifti inayopandisha watelezaji iko juu ya kichwa chako, kwa kawaida uko kwenye mlima usiolindwa. Skii ni ileile, jina ni lilelile, ila "wote" ya Colorado haivuki bahari. Nimemsikia mtu anapanga safari ya Ufaransa akisema hana wasiwasi, skii zake ni za milima yote. Hilo si kosa la sarufi tena.

Haya, upana unafanya nini? Kwenye theluji ya unga, iliyoanguka usiku na haijaguswa, kazi yake ni ile ya dereva anayepunguza upepo wa matairi ili avuke mchanga. Uzito ni uleule, ila umetandazwa mahali pakubwa, basi huzami. Ncha ya mbele iliyopinda juu mapema inasaidia kupanda juu ya unga badala ya kuchimba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rupert Huber wa kampuni ya Atomic, huko Austria, alitoa skii pana kiasi kwamba watu walizicheka, wakaziona za wazee waliochoka. Leo ukiona kiuno cha 106 unaona kitu cha kawaida.

Kwenye njia iliyochongwa upana huohuo unageuka mzigo. Kupiga kona ni kulaza skii upande mmoja ili ukingo wa chuma uume theluji. Skii nyembamba, ukingo uko karibu chini ya wayo. Ukiinamisha goti kidogo, umeuma. Skii pana, ukingo umetoka nje ya buti, na theluji ngumu inasukuma pale nje ikitaka kuilaza skii bapa tena. Unayeshindana nayo ni wewe, kwa kifundo cha mguu na goti. Kuhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kunachelewa. Theluji ikiwa laini hutasikia sana, na skii pana za siku hizi zenye bati la chuma ndani hutulia vizuri. Lakini saa mbili na nusu asubuhi, siku ya tatu bila theluji mpya, njia inang'aa kama sakafu iliyopigwa deki: hapo zinatetemeka hadi meno yanagongana. Mimi mwenyewe nilishuka hivyo msimu wangu wa kwanza, nikiwa nimejichagulia 108 kwa sababu zilikuwa na rangi nzuri.

Yule bwana wa magoti nilimbadilishia, nikampa 82, akarudi jioni anacheka. Alikuwa ameshinda njia za kijani na bluu, yaani rahisi na za wastani, zote zimechongwa, na hakuna kilichokuwa kimeanguka tangu Jumatano. Akaniuliza sasa zile za milima yote ni za lini. Nikamwambia: za mlima wote, kaka, mmoja tu. Na hata hizo 82 ulizovaa leo ni za mlima wote pia. Njoo asubuhi ya theluji mpya nikutolee zile pana.